Pikapu ya baba imelala miaka saba: ufunguo uguswe mwisho

Swali: "Shikamoo fundi. Marehemu baba alituachia Hilux ya dizeli, injini ya 2L. Imesimama chini ya mti nyuma ya nyumba. Mara ya mwisho iliwaka miaka saba iliyopita na ilikuwa nzima kabisa, baba ndiye aliyeiegesha. Betri ilishatolewa. Kaka yangu anasema tununue betri, na ikigoma tuifunge kamba nyuma ya gari lingine tuivute mpaka iwake. Mimi naogopa tutaiharibu. Nianzie wapi, na nitajuaje kama bado inafaa kufufuliwa?"

Marahaba, mwanangu, na poleni kwa kuondokewa na mzee. Hofu yako ina msingi. Mwambie kaka aiweke kamba kando, na betri asiifunge leo wala wiki hii.

Gari lililoegeshwa zima halibaki zima kwa miaka saba. Dizeli imegeuka, mipira imekauka, unyevu umeingia kila penye upenyo, na oili yote imeteremka kwenye karta, lile bakuli la oili chini ya injini, kwa hiyo kuta za silinda ni kavu. Injini nyingi za namna hii nilizoletewa zikiwa zimekufa hazikuuawa na kulala. Ziliuawa siku ya kuamshwa, ndani ya dakika chache za mwanzo, kwa sababu mtu alitanguliza ufunguo.

Kuvuta ndiko kubaya zaidi. Stata ikikutana na kitu kilichokwama hulemewa na kusimama, na kule kusimama kwake ni onyo. Gari linalovuta halionyi. Magurudumu huilazimisha injini izunguke itake isitake, na chochote kilicho dhaifu kinakatika. Tena mtu aliyekaa kwenye usukani wa gari linalovutwa hana breki za kutegemea. Katika dizeli hizi nguvu ya kusaidia breki inatokana na pampu ndogo ya vakyumu iliyopachikwa mgongoni mwa altaneta, na pampu hiyo haifanyi kazi mpaka injini izunguke. Ongeza breki zenyewe kuwa hazijakanyagwa miaka saba. Hapo kamba ni hatari kwa watu kabla hata ya kuwa hatari kwa gari.

Sasa tuanze. Usianze na injini, anza na chasi, kwa sababu hiyo ndiyo itakayokwambia kama kuna haja ya kuendelea. Chukua nyundo ndogo na bisibisi nene, lala chini ya gari likiwa limekaa kwenye tairi zake na vigingi vimewekwa mbele na nyuma. Usilipandishe kwa jeki kwa kazi hii. Kwangua matope na majani yaliyorundikana juu ya chasi, maana hayo ndiyo hushika unyevu mwaka mzima, kisha gonga polepole ukisikiliza. Chuma kizima hulia ngee. Chuma kilichooza hujibu pu, kama debe lenye mchanga. Kaa zaidi pale springi za nyuma zinaposhikana na chasi, nyuma ya tairi za mbele, na chini ya kebini. Kutu ya juujuu inayobanduka kama maganda si tatizo. Bisibisi ikizama mahali panapobeba springi, simama hapo hapo. Mwite mchomeleaji unayemwamini aangalie kabla hujanunua hata filta moja, kwa sababu injini hutengenezeka, lakini gari lenye chasi iliyooza litavunjika na watu ndani.

Chasi ikiwa nzima, una gari. Nasema hivyo bila woga kwa sababu 2L ni injini ya kawaida kabisa isiyo na kompyuta. Ina pampu inayosukuma dizeli, nozeli nne zinazoinyunyiza, hita plagi nne zinazopasha joto kabla ya kuwasha, na mkanda wa taimingi unaofanya valvu ziende sawa na pistoni. Karibu kila kitu kinachoweza kuwa kimeharibika unaweza kukiona kwa macho au kukigusa kwa mkono.

Kabla ya kufungua boneti, gonga bodi kwa fimbo na ungoje. Nyigu, nyuki na nyoka hupenda mahali kama hapo, na panya sina shaka wamo. Vaa glavu na kitambaa cha kuziba pua, na viota vya panya usivifagie vikiwa vikavu. Vilowanishe kwanza kwa dawa ya kuua vijidudu, kwa sababu vumbi la mkojo na kinyesi chao huleta maradhi. Fungua boksi la filta ya hewa. Mara nyingi huko ndiko kwenye kiota kikubwa, na injini ikiwaka hukivuta kizima kizima kuelekea kwenye valvu. Angalia na bomba la moshi. Kisha fuata nyaya moja moja kwa vidole, hasa zile za nyuma ya injini na za chini ya dashibodi. Waya uliogugunwa na panya utausikia kwa vidole kabla hujauona. Ufunge leo, maana waya ulio wazi ukikutana na betri mpya ni moto.

Vuta kijiti cha oili. Usishtuke ikiwa nyeusi, dizeli zote ziko hivyo. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, kuna maji ndani. Ikiwa imepanda juu ya alama ya mwisho, kuna kitu kimeshuka kujiunga nayo, maji au dizeli. Kwa vyovyote vile oili hii inamwagwa na filta yake inabadilishwa kabla ya lolote lingine. Ukifungua nati ya karta, fungua taratibu na uweke chombo safi. Maji ni mazito kuliko oili, hukaa chini kabisa, kwa hiyo yakiwepo yatatangulia kutoka na utayaona.

Hapa naomba utulie, kwa sababu ndipo gari lako litakapopona au kuharibika.

Niliwahi kuitiwa pikapu ya dizeli iliyokuwa imelala chini ya mti kama yenu. Mtu aliitoa filta ya hewa akaacha mdomo wa bomba wazi, na mvua ikaingia kidogo kidogo mpaka ikapata njia kwenye valvu iliyokuwa imebaki wazi. Mwenyewe akafunga betri mpya, akawasha. Stata ikazunguka nusu, ikasema kho, ikasimama. Akajaribu tena, na tena. Nilipofungua injini nilikuta konrodi ya silinda ya tatu, ule mkono unaobeba pistoni, imepinda upande kama kidole kilichovunjika. Hewa hubanwa, maji hayabanwi. Katika dizeli kama hii hewa hubanwa zaidi ya mara 20, maana yake nafasi inayobaki pistoni ikifika juu ni ndogo mno, na vijiko vichache vya maji vinatosha kumaliza injini. Yule bwana angeizungusha kwa mkono kwanza, angeyatoa maji yale kwa dakika kumi.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Ondoeni kile kipande cha chuma kinachopeleka umeme kwenye hita plagi, mpulizie kila plagi mafuta ya kulegeza kutu, mziache zilale usiku kucha. Kesho yake zifungueni bila pupa. Plagi ikigoma irudishwe nyuma kidogo, ifunguliwe tena, irudishwe tena. Ikikatikia ndani ya silinda hedi, kazi ya saa moja inageuka ya wiki. Zikishatoka, tieni ndani ya kila tundu oili safi ya injini, kijiko kimoja cha chai, kisizidi. Watu humimina nusu kikombe wakidhani wanasaidia, na oili haibanwi kama maji yasivyobanwa. Iacheni siku nzima iteremke kando ya pistoni na kulegeza ringi.

Siku ya tatu gia iwe huru, tairi zote ziwe na vigingi. Tafuteni nati kubwa iliyo mbele ya injini, katikati ya puli ya kranki, mtie spana ya boksi yenye mkono mrefu na kuzungusha kuelekea upande wa kulia kama mshale wa saa. Izungusheni polepole, kwa mkono wa mtu mmoja. Kwa kuwa plagi zimetoka hakuna hewa ya kubanwa, kwa hiyo uzito utakaousikia ni wa vyuma vyenyewe tu. Mnataka mizunguko miwili kamili, si mmoja, kwa sababu kila silinda humaliza kazi zake zote katika mizunguko miwili ya kranki.

Ile dakika ya kwanza spana inaposogea nusu inchi, ikanata, kisha ikaachia, ndiyo dakika ninayoipenda kuliko zote katika kazi hii. Mkono wenyewe unakwambia injini ipo hai. Ikizunguka yote miwili kwa uzito ule ule, furahini, mna injini. Ikigota kama imegonga ukuta, msiongeze bomba kwenye spana. Irudisheni, tieni mafuta ya kulegeza kutu kwenye matundu, ngojeni siku mbili, tatu, hata wiki, mjaribu tena kwa mkono ule ule. Injini iliyokwama kwa kutu nyepesi huachia kwa subira. Iliyokwama kabisa inahitaji kufunguliwa hedi, na hapo mtajua mnaingia gharama gani kabla hamjatumia kingine.

Injini ikizunguka, nunueni mkanda wa taimingi. Hapa watu hubishana nami wakisema mkanda wa zamani unaonekana mzuri. Toyota hutaka ubadilishwe kila kilomita 100,000, na Hilux nyingi za dizeli zina taa kwenye dashibodi yenye maandishi T-BELT inayowaka zikifika. Lakini taa hiyo huhesabu kilomita, haihesabu miaka. Mpira wenu umekaa miaka saba umekunjwa mahali pale pale, joto na baridi vikipishana juu yake. Ukikatika injini ikiwa inazunguka, pistoni zinakutana na valvu, basi. Wakati mbele pamefunguliwa angalieni wota pampu kama ina alama ya uvujaji, na oili sili zilizo karibu na mkanda, kwa sababu oili ikimwagikia mkanda mpya huuharibu.

Mafuta ya zamani msiyajaribu hata kidogo. Dizeli iliyokaa huvuta unyevu, maji hutulia chini ya tangi, na pale maji yanapokutana na dizeli huota vijidudu na ukungu. Ukifungua tangi utakuta utando mweusi unaoteleza, wenye harufu ya uvundo. Utando huo ukifika kwenye pampu umeiua, maana pampu ya injini hii haina oili yake, inalainishwa na dizeli ile ile inayopita ndani yake. (Kwa msomaji mwenye pikapu ya petroli: petroli huharibika upesi zaidi, ndani ya miezi kadhaa, na huacha gundi ya kahawia inayoziba kabureta. Harufu yake hufanana na ya vanishi. Nayo imwagwe, kabureta isafishwe.)

Tangi lishushwe, lioshwe, likaushwe. Lakini hamlazimiki kulisubiri ili kuijaribu injini. Tumieni dumu safi la lita tano lenye dizeli mpya, mlifunge juu kuliko pampu mahali pasipo na joto. Mpira mmoja wa kuvutia uende kwenye filta, na mpira wa kurudishia nao uingie kwenye dumu hilo hilo. Wengi husahau huu wa pili, dizeli ikamwagika kwenye tangi chafu au chini. Wekeni filta mpya, kisha mbonyeze ile pampu ya mkono iliyo juu yake. Mwanzo itakuwa laini kama inapiga hewa, na ndivyo ilivyo. Endeleeni mpaka iwe ngumu mkononi. Pampu ikishajaa dizeli safi iacheni usiku mmoja ilegeze kilichonata ndani. Ikitoa jasho kidogo kwenye maungio siku ya kwanza msiogope, mpira uliokauka huweza kuvimba na kuziba tena. Ikiendelea kudondosha baada ya siku mbili au tatu, ipelekwe kwa mafundi wa pampu. Isifunguliwe chini ya mti, hata na fundi hodari.

Rejeta imwagwe yote, isukutuliwe mpaka maji yatoke meupe, mipira inayopasuka ikibonyezwa ibadilishwe, kulanti mpya itiwe. Hili nalisema kwa ufupi lakini lina uzito wake: silinda hedi ya injini hizi haivumilii kuchemka, na mpira mmoja uliochoka unatosha kuipasua.

Sasa ndipo betri inaingia. Iwe mpya au iliyopimwa. Betri nzima ikijaa husoma volti 12.6, na iliyokaa miaka bila chaji haifufuki ya kutegemewa. Fungeni upande wa chanya kwanza, hasi mwisho, huku mmoja wenu akiangalia kama kuna moshi popote. Hita plagi bado ziko nje. Chomoeni ule waya mmoja wa solenoidi iliyo juu ya pampu ya dizeli, yaani swichi ya umeme inayofungua na kufunga mafuta, mwisho wake uzibwe kwa tepu, ili pampu isipeleke mafuta. Simameni mbali na matundu ya plagi, kwa sababu chochote kilichobaki humo kitaruka. Pigeni stata sekunde kumi, mpumzike dakika nzima, mpige tena, mpaka taa ya oili kwenye dashibodi izime. Hapo oili imefika juu na vyuma havitasagana vikavu injini itakapowaka. Kwa maoni yangu hatua hii ina faida kuliko oili yoyote ya bei ghali mtakayoshauriwa kununua.

Rudisheni plagi na waya wa solenoidi. Washa ufunguo bila kupiga stata, mtu aweke sikio karibu na pampu: solenoidi ikisema tik, inafanya kazi. Isiposema, hata mpige stata mpaka jioni haitawaka. Legezeni nati za mabomba kwenye nozeli mbili, robo ya mzunguko tu, mngoje taa ya hita izime, mpige stata. Itaanza kutoka povu, halafu matone, halafu dizeli tupu. Kazeni. Mikono ikae mbali na mchirizi huo. Dizeli yenye shinikizo la nozeli hupenya ngozi, na jeraha lake linaonekana dogo kumbe ni la kukimbilia hospitali. Mkiwa mnafanya haya, muwe nje penye hewa, kizimamoto kikiwa karibu, na ubao bapa mkononi mwa mtu aliye tayari kuuziba mdomo wa bomba la hewa. Dizeli ikianza kunywa oili yake yenyewe hupanda kasi na haisikii ufunguo, ila ikinyimwa hewa inazima. Ubao, si kiganja wala nguo.

Itawaka kwa kuchechemea, silinda mbili, tatu, halafu nne. Macho yote kwenye taa ya oili. Isipozima ndani ya sekunde chache, zima injini. Msiikanyagie mafuta. Moshi wa bluu ni ile oili mliyotia, utapungua. Mweupe unaochoma macho ni dizeli isiyoungua, nao utaisha injini ikipata joto. Mweupe mzito wenye harufu tamutamu usiokwisha ni kulanti inayoingia ndani, hapo zimeni. Ikinguruma vizuri kwa dakika ishirini bila kuchemka wala kuvuja, zimeni, mpumzike. Na oili hiyo mpya imwageni tena baada ya kilomita mia chache, itakuwa imebeba uchafu wa miaka yote saba.

Gari kuwaka si ruhusa ya gari kusogea. Mafuta ya breki huvuta maji kutoka hewani. DOT 3 ikiwa mpya huchemka kuanzia nyuzi 205, ikishalowa huweza kushuka hadi 140, na maji hayo hayo hula masta silinda na silinda za magurudumu kwa kutu. Fungueni dramu zote. Mipira iliyovimba, mabomba yaliyoliwa, kebo ya handibreki iliyoganda, vyote vibadilishwe, mafuta yote yatolewe na mapya yatolewe hewa gurudumu kwa gurudumu. Klachi ina mafuta ya aina hiyo hiyo, iangalieni pia. Sahani yake huweza kugandana na flaiwili, na mtajua kwa sababu mtakanyaga na gia haitaingia. Tairi someni tarakimu nne za mwisho za ile namba inayoanza na DOT: 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Zilizozidi miaka kumi ziondoeni hata kama kashata zake bado ni nene, na zilizopasuka ubavuni ziondoeni hata kama ni changa. Oili ya gia boksi na ya difu ikitoka na rangi ya maziwa, imepata maji, ibadilishwe.

Safari ya kwanza iwe fupi, mahali tambarare pasipo na watu, kwa mwendo wa mtu anayekimbia. Simamisheni, mshuke, na mkaribishe mgongo wa kiganja kwenye kila gurudumu, katikati ya rimu, kabla ya kugusa. Yote manne yawe na joto linalofanana. Lile linalowaka kuliko wenzake, breki yake bado imeshika. Lifungueni tena kabla ya kwenda popote.